Somo: Presha ya jicho baada ya kupandikizwa konea

Matone ya steroidi ndiyo yanayouzuia mwili kuikataa konea mpya, yaani kile kioo cha mbele cha jicho. Matone hayo hayo, kwa baadhi ya watu, huziba njia ya kutokea maji ya ndani ya jicho, presha ikapanda. Mara nyingi hupanda kati ya wiki ya 2 na ya 6, tena bila maumivu. Neva ya jicho ikishakufa, hairudi.

1. Tikisa chupa. Prednisoloni asetati ya 1%, ambayo ni steroidi, hutuama, unga mweupe ukabaki chini. Usipoitikisa, mwanzoni unatia maji, mwishoni unatia dawa kali. Tone 1 latosha. La pili litamwagika shavuni tu. Fumba jicho, bonyeza kona iliyo karibu na pua kwa dakika 2. Dawa nyingine isubiri dakika 5.

2. Pimwa presha kila ukienda kliniki, hata kama unaona vizuri. Kawaida ni 10 hadi 21 mmHg. Kipimo cha Goldmann huweza kudanganya juu ya konea iliyovimba au kupinda, kwa hiyo uliza kama wana vifaa vingine vya kupimia presha, Tono-Pen au iCare. Kwenye kadi yaandikwe namba, tarehe na kifaa. 18 ya kifaa hiki si lazima iwe 18 ya kile.

3. Presha ikipanda, usiache steroidi kwa uamuzi wako. Hapa ndipo konea nzima hupotea. Daktari anaweza kupunguza matone polepole, kukuhamishia fluorometholoni au loteprednoli, steroidi ambazo hazipandishi presha sana, au kuongeza timololi ya 0.5%, dawa ya kushusha presha, asubuhi na jioni. Dozolamidi, nayo ya kushusha presha, huhitaji tahadhari, maana konea dhaifu huweza kuvimba.

Maswali ya wanachama

— Daktari, mwanangu ana pumu na ameandikiwa timololi.
Asitiwe hata tone, mama. Hupitia puani hadi kwenye damu, ikabana kifua. Piga simu kliniki leo wabadilishe. Steroidi aendelee nayo.

— Dawa imeisha, kliniki ni wiki ijayo. Kemisti wa hapa Githurai ana deksamethasoni yenye antibiotiki. Ninunue?
Usinunue. Deksamethasoni ni kati ya zinazopandisha presha zaidi. Piga simu kliniki leo, uulize jina na nguvu ya dawa ya kununua.

— Jicho limekuwa jekundu, mwanga unaniumiza, naona ukungu. Ni presha?
Huenda konea inakataliwa. Panda matatu uende kliniki sasa hivi, usingoje tarehe ya kadi, na uende na chupa zote.