Jina lako likiandikwa kwa namna tatu, tumia ORCID

Nimelijua hili baada ya kukuta makala zangu zimegawanywa kwa waandishi watatu tofauti mtandaoni: fungua namba ya ORCID, yaani namba ya kudumu inayomtambulisha mtafiti mtandaoni, kabla hujatuma makala yako inayofuata. Ni bure, ina tarakimu 16, na kujisajili ni dakika chache tu. Sisi tunaotumia majina matatu, letu, la baba na la babu, tunapotea kirahisi mno. Jarida moja huchukua la babu kuwa la ukoo, jingine hukata la kati, jingine hubakiza herufi za mwanzo, na kompyuta huona watu watatu. Namba haibadiliki hata ukiolewa, ukihama chuo, au ukitoka kilimo ukaingia afya ya jamii.

Hapa ndipo wengi hukosea: jarida likiomba namba, usiiandike kwa mkono. Ingia kwenye akaunti yako ya ORCID kupitia mfumo wa jarida hilo, kisha uiruhusu Crossref, shirika linalosajili makala za majarida, kusasisha ukurasa wako; makala ikitoka itajiweka yenyewe.

Inagoma wapi? Makala za zamani hazijiingizi, inabidi uziongeze mwenyewe, kwa mfano kwa DOI, namba ya kudumu ya kila makala. Na jarida lisilosajili DOI zake Crossref halitakuletea kitu kwa njia hii, huenda ukajaza kwa mkono. Tena weka barua pepe binafsi pamoja na ya chuo, tafadhali sana, maana ya chuo ikifungwa siku ukiondoka, kuirudisha akaunti ni kazi.