Kuhamisha Ruta ya Nyumbani Kutoka Waya wa Simu Kwenda Faiba

Katika nyumba za Mbeya zilizokuwa na simu ya mezani, intaneti iliingia ndani kwa waya uleule wa shaba ulioleta simu. Faiba inapofika mtaani, mwenye nyumba huuliza kwanza bei ya kifurushi, kisha huuliza kama ruta aliyo nayo itafaa. Mwongozo huu unajibu swali la pili, na nimeuandika baada ya kuhamisha nyumba yangu mwenyewe na kupoteza Jumamosi nzima kwa kosa ambalo lingeepukika kwa dakika tano.

Kisanduku cha DSL, yaani cha intaneti ya waya wa simu, hufanya kazi tatu kwa pamoja, ingawa mtumiaji hukiona kuwa kitu kimoja. Ni modemu inayotafsiri mawimbi ya kwenye waya wa simu, ni ruta inayogawa anwani kwa vifaa vya nyumbani na kuelekeza data, na ni kituo cha waifai. Kwenye faiba, kazi ya modemu huchukuliwa na kifaa kiitwacho ONT, ambacho hupokea mwanga kutoka kwenye uzi wa kioo na kuutoa kama umeme kwenye tundu la kawaida la waya wa mtandao. Matatizo mengi ya kuhama hutokana na vifaa viwili kung'ang'ania kazi moja, au kazi moja kukosa kifaa cha kuifanya.

Geuza kisanduku chako cha zamani uyatazame matundu yake. Tundu la simu ni dogo na kwa kawaida limeandikwa DSL au Line. Matundu ya mtandao ni mapana zaidi. Ukiona tundu lililoandikwa WAN, yaani la kupokea intaneti kutoka nje, au lile lenye majina mawili kama LAN4/WAN (LAN ni upande wa vifaa vya ndani ya nyumba), ruta yako inaweza kuendelea na kazi yake. Kama tundu la kuingizia intaneti ni lile la simu peke yake, haiwezi kuwa ruta ya faiba, lakini usiitupe, maana bado ina matumizi nitakayoyaeleza. Angalia pia uwezo wa matundu. ADSL2+, aina mojawapo ya DSL, haivuki megabiti 24 kwa sekunde, na hupungua zaidi kadiri nyumba inavyokuwa mbali na kituo cha simu, kwa hiyo watengenezaji wengi waliona matundu ya megabiti 100 yanatosha. Ukinunua kifurushi kinachozidi kiwango hicho huku ukiendelea na ruta ya namna hiyo, utakuwa unalipia kasi ambayo haifiki ndani.

Kabla fundi hajaja, fungua ukurasa wa mipangilio wa ruta ya zamani na upige picha kwa simu: jina la mtandao, neno la siri, na anwani zozote ulizozitengea printa au kamera. Usikatishe huduma ya zamani mpaka mpya ifanye kazi kwa siku kadhaa. Amua mapema pia ONT itakaa wapi, kwa sababu fundi asipoelekezwa atatoboa ukuta ulio karibu na nguzo, na huo mara nyingi ni ukuta wa chumba cha pembeni. Kuta zetu za matofali ya kuchoma, hasa zile nene za nyumba za zamani, hula mawimbi ya waifai vibaya sana, kwa hiyo mita chache za ziada za waya kuelekea katikati ya nyumba zina thamani kuliko ruta ya gharama kubwa iliyofichwa pembeni.

Uzi wa faiba ukishaingia, uuheshimu. Usiukunje kwa mzingo mdogo kuliko mdomo wa kikombe cha chai, usiguse ncha ya kiunganishi chake, na usichungulie ndani yake hata kwa mzaha, kwa kuwa mwanga unaopita humo hauonekani kwa macho na unaweza kuyadhuru.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni umeme. Simu ya mezani ya waya wa shaba ilipata umeme wake kutoka kituo cha simu, na ndiyo maana iliendelea kulia hata nyumba ikiwa gizani. ONT hutegemea umeme wa nyumba, na umeme ukikatika, intaneti pamoja na simu iliyounganishwa nayo huzima. ONT na ruta nyingi hutumia volti 12, kwa hiyo kuna betri ndogo za akiba zinazoweza kuvibeba vyote viwili. Soma lebo za adapta kwanza, uthibitishe volti na ampea. Uzi wa kioo wenyewe haupitishi umeme wa radi, jambo la faraja kwetu ambao kuanzia Novemba hadi Aprili tunaishi na ngurumo, lakini adapta bado imechomekwa ukutani, na radi inaweza kupitia huko.

Sasa unganisha. Washa ONT peke yake na usubiri taa iliyoandikwa PON itulie bila kupepesa. Taa ya LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki, na hakuna mpangilio wowote wa ruta utakaosaidia. Mpigie mtoa huduma. PON ikitulia, chukua waya wa mtandao kutoka tundu la kwanza la LAN la ONT uupeleke kwenye tundu la WAN la ruta. Hakikisha waya huo umeunganishwa nyuzi zote nane. Mimi nilitumia waya niliokuwa nimebanishiwa ncha sokoni, uliokuwa na nyuzi nne tu zilizoshikika, na kasi ikagoma kuvuka megabiti 94 hadi nilipoubadilisha.

Kisha fungua kivinjari na uandike anwani ya ruta, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1 na imechapishwa kwenye lebo ya chini. Hapa ndipo Jumamosi yangu ilipopotelea. Laini ya DSL kwa kawaida ilitumia PPPoE, yaani ruta ilijitambulisha kwa jina na neno la siri, tena ikiwa na namba za VPI na VCI zilizotambulisha njia ya data kwenye laini hiyo. Kwenye faiba, namba hizo mbili hazina kazi tena. Watoa huduma wengine bado hutumia PPPoE kwa jina jipya. Wengine hutumia DHCP, ambapo ruta hupewa anwani bila kuulizwa neno la siri. Wengine hudai pia namba ya VLAN, inayotenganisha huduma zinazopita kwenye laini moja. Mimi niliacha mipangilio ya zamani kama ilivyokuwa, taa zote zikawaka kijani, na intaneti haikuja. Muulize fundi mambo haya matatu kabla hajaondoka, uyaandike: aina ya muunganisho, jina na neno la siri kama vipo, na namba ya VLAN kama ipo. Ukihama kutoka PPPoE kwenda DHCP, rudisha pia MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti moja ya data, kutoka baiti 1492 hadi 1500, kwa sababu zile baiti 8 zilikuwa zinachukuliwa na PPPoE.

ONT nyingi za siku hizi huja zikiwa na ruta na waifai ndani yake. Ukiiunganisha ruta yako nyuma ya ONT ya namna hiyo, nyumba inakuwa na ruta mbili zinazofuatana. Kurasa za kawaida zitafunguka, lakini michezo ya mtandaoni na kamera vitasumbua, na printa iliyo kwenye mtandao wa kwanza haitaonekana kirahisi na kompyuta iliyo kwenye wa pili. Mbaya zaidi, zote mbili zikiwa na anwani ya 192.168.1.1, hutajua ni ipi unayoifungua. Chagua moja. Kama ruta yako ni bora, mwombe mtoa huduma aiweke ONT katika hali ya daraja ili ibaki na kazi ya kutafsiri mwanga tu. Kama ONT ni bora, au kisanduku chako hakina tundu la WAN, kigeuze kuwa kituo cha waifai cha chumba cha mbali. Kabla ya kukiunganisha na ONT, ipe anwani yake ya LAN namba nyingine, kwa mfano 192.168.1.2 endapo ONT ni 192.168.1.1, zima huduma yake ya DHCP, ile ya kugawa anwani, kisha peleka waya kutoka tundu la LAN la ONT kwenye tundu la LAN la kisanduku hicho, wala si kwenye lile la DSL. Kisanduku changu cha zamani sasa kinahudumia jiko na banda la nje kwa njia hii, na sijawahi kukizima.

Kwa waifai, tumia jina na neno la siri vilevile vya zamani, herufi kwa herufi, na simu zote za nyumbani zitajiunga zenyewe. Kwenye vituo viwili vya gigahezi 2.4, gawa chaneli 1, 6 au 11 ili visigongane. Gigahezi 5 ina kasi zaidi lakini hushindwa na kuta mapema, kwa hiyo iachie vifaa vya sebuleni. Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, zima WPS, ile njia ya kujiunga kwa kubonyeza kitufe au kwa namba fupi, na badilisha neno la siri la kuingilia mipangilio, ambalo ni tofauti na lile la waifai na ambalo watu wengi huliacha kama lilivyotoka kiwandani.

Pima kasi kwanza kwa kompyuta iliyounganishwa kwa waya, ndipo upime kwa waifai. Bila hivyo utamlaumu mtoa huduma kwa kosa la ukuta. Huduma mpya ikishatulia, katisha ile ya zamani kwa maandishi, rudisha vifaa ulivyoazimwa, na kama unampa mtu kisanduku cha DSL, bonyeza kitufe cha kukirudisha katika hali ya kiwandani kwa sekunde kumi au zaidi mpaka taa zizime na kuwaka tena, kwa kuwa jina na neno la siri la akaunti yako bado vimehifadhiwa humo.