Ukija Dodoma kukimbia kwa ajili ya wagonjwa wa saratani

Kila Julai Dodoma hujaa watu wenye raba mpya. Mbio za NBC Dodoma Marathon zimekuwa zikichangia mapambano dhidi ya saratani ya shingo ya kizazi, na sisi tulioko ughaibuni tunapenda likizo iangukie hapo: kuwasalimia wazazi, kilomita 21, picha. Nimekimbia mara mbili nikitokea Birmingham. Mara ya kwanza niliandaa miguu nikasahau pesa, kwa hiyo naanza na pesa.

Kabla hujamwomba mtu hata shilingi, jua inakwenda wapi. Mama yangu mkubwa wa Mpwapwa alipohitaji mionzi, alipewa rufaa kwenda Ocean Road, taasisi ya saratani ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400 kutoka Dodoma mjini. Matibabu hayo huchukua wiki tano au zaidi, karibu kila siku ya kazi. Kadi ya kliniki na noti zake alizifunga kwenye pindo la kanga, na kila akilifungua fundo alikuwa anahesabu nauli ya kurudi. Tangu hapo sichangishi “kwa ajili ya saratani” tu. Nauliza: ni vipimo, dawa, au nauli na malazi? Mtu akijua elfu hamsini yake inampandisha mgonjwa basi, haombi muda wa kufikiria.

Kuchangisha kwenyewe, fanya kama kamati ya harusi. Tunaijua kazi hiyo kuliko tunavyokiri. Mweka hazina awe mtu asiyekimbia, ahadi ziandikwe, na siku ya mwisho iwe wiki mbili kabla ya mbio, kwa sababu ukishavishwa medali simu hazipokelewi. Mwaka wangu wa kwanza kundi la WhatsApp liliahidi milioni tatu. Nilipata laki nane na vikaragosi vingi vya kupiga makofi.

Walioko Uingereza wakumbuke Gift Aid: mlipa kodi akichangia shirika la hisani linalotambuliwa huko, serikali inaongeza peni 25 kwa kila pauni. Ukituma moja kwa moja hospitali ya Tanzania, nyongeza hiyo hakuna. Hospitali ya serikali ikuandikie ankara yenye kumbukumbu namba ya malipo, ulipe benki au kwa simu. Ukipewa namba ya simu ya mtu binafsi, simama hapo. Mimi niliwahi kutuma hivyo. Risiti naisubiri mpaka leo.

Sasa miguu. Dodoma iko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, na pumzi ya Birmingham itakushtua kilomita tatu za mwanzo. Fika siku nne au tano kabla. Treni ya SGR kutoka Dar ni kama saa tatu na nusu. Alfajiri ya Julai ni baridi yenye upepo mkavu, kwa hiyo paka midomo mafuta ya mgando. Usiku wa kuamkia mbio kataa sahani ya pili ya ugali wa uwele, na kama hujaonja mlenda mwaka mzima, shangazi akuwekee wa jioni ya kesho yake. Usianze kwa kasi. Alphonce Simbu, mtoto wa Singida hapo jirani, alichukua ubingwa wa dunia Tokyo mwaka 2025 kwa tofauti ya sekunde 0.03 baada ya kilomita 42. Nguvu za mwisho alikuwa nazo kwa sababu hakuzimwaga mwanzoni.

Na ukiwa nyumbani, mpeleke mama au dada akapimwe shingo ya kizazi. Kipimo cha siki, yaani shingo ya kizazi kupakwa siki ili mabadiliko yaonekane, ni dakika chache tu.

Risiti ya hospitali ikitoka, ipige picha uitume kundini siku hiyohiyo, pamoja na orodha ya waliotoa. Wa ahadi tupu usiwaguse. Orodha watajisomea wenyewe.