Mtazame mtumiaji, kisha mfuate alipo

Kabla hujaipeleka sokoni programu yako, tuseme ya kutuma fedha kwa simu, mpe simu mtu ambaye hajawahi kuiona, mwombe atume shilingi 500 kwa namba utakayomtajia, kisha kaa kimya. Kidole chake kikisita juu ya kitufe, usimwelekeze, kwa sababu kusita huko ndicho kitu ulichokuja kukitafuta. Mwaka 2000 Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu na tovuti, alieleza kwamba watu 5 hufichua takribani asilimia 85 ya kasoro za matumizi, ingawa hesabu hiyo inachukulia kuwa kila mmoja hukumbana na karibu theluthi moja ya kasoro zote. Nami nashauri uwaite watano, urekebishe, ndipo uwaite watano wengine.

Hata hivyo, jaribio la namna hii huonyesha kama mtu anaweza kukitumia kitu, wala halielezi atakitumia kwa ajili gani akiwa kwake. M-Pesa ilipoanza kujaribiwa Kenya mnamo Oktoba 2005, ilikusudiwa kurahisisha urejeshaji wa mikopo midogo. Lakini wateja, walipoachwa nayo kwa miezi kadhaa katika shughuli zao, walianza kutumiana fedha wao kwa wao, na huduma iliyozinduliwa Machi 2007 ikajengwa juu ya matumizi hayo. Kumketisha mtu mezani kwa saa moja kusingefichua jambo hilo. Tenga basi siku chache za kuwafuata watumiaji wako kazini kwao, penye jua kali juu ya kioo, salio linaloisha na mtandao unaokatika.