Kiulize kitenzi: "nani?"

Nimeanza mtindo huu tangu maandamano ya Juni 2024 Nairobi: ukisoma kichwa cha habari, tafuta kitenzi, kisha kiulize "nani?" Kiswahili kinatubeba sana hapa. "Waandamanaji wafariki": hakuna aliyefanya kitu, utadhani ni malaria. "Waandamanaji wauawa": kuna muuaji, ila kajificha nyuma ya ile "w" ya kutendwa. "Polisi waua waandamanaji": sasa mtendaji yuko mbele. Tukio ni lile lile, lakini lawama ya msomaji inaelekea kwingine kabisa, maana wengi wetu tunaishia kwenye kichwa, tunasambaza kwenye magrupu, basi. Kwa hiyo kiandike upya akilini ukimtanguliza mtendaji. Ukimkosa, shuka aya za chini, mara nyingi kafichwa huko. Mbinu hii hugoma saa za mwanzo za tukio, pale mtendaji hajajulikana kweli. Hapo kutomtaja ni uangalifu, si upendeleo. Na haisaidii chochote kwa habari ambayo mhariri ameamua isitoke kabisa.