Jinsi ya kusoma mgawanyiko wa kimelea cha malale kwa kuhesabu K na N

Trypanosoma brucei, kimelea cha malale kinachobebwa na mbung'o, huweka DNA yake mahali pawili: kwenye kiini (N), na kwenye kinetoplasti (K), kidonge kidogo kilicho penye shina la mjeledi, yaani mkia wa kuogelea. K hugawanyika kabla ya N. Basi ukihesabu K na N za seli moja, unajua imefika wapi.

Hatua ya 1. Tumia vimelea vya umbo la tumboni mwa mbung'o, vinavyokuzwa kwenye nyuzi 27. Chukua chupa ambayo vimelea bado vinaongezeka haraka. Chupa iliyojaa mno haikufai.

Hatua ya 2. Zungusha kwenye sentrifuji kwa 800 g (mara 800 ya nguvu ya mvutano wa dunia), dakika 10. Suuza kwa PBS (maji ya chumvi yenye bafa), dondoshea kwenye slaidi, kisha gandisha seli (zibaki na umbo lake, si kwa baridi) kwa paraformaldehaidi ya 4%. Usimwage nyingi: seli zikipandana, utampa huyu K ya jirani yake.

Hatua ya 3. Tia DAPI, inayoshika DNA na kung'aa buluu. Piga picha mbili za sehemu ileile, moja ya vidoa vya buluu, nyingine ya umbo la seli.

Hatua ya 4. Hesabu seli 200 au zaidi. Nyingi zitakuwa 1K1N. Chache ni 2K1N, halafu 2K2N, zilizo karibu kuachana. Mzunguko mzima huchukua kama saa 8.5.

Hatua ya 5. Sasa vuruga udhibiti wa mgawanyiko. Katika seli zilizoandaliwa kwa RNAi (mbinu ya kunyamazisha jeni), tia tetrasaiklini ili kuzima jeni ya CYC6. Protini yake hushikana na CRK3, kimeng'enya cha aina ya kinasi, kuruhusu kiini kigawanyike. Bila hiyo kiini hukwama, na hapo ndipo penye uhondo: mwili wa seli haungoji! Unakatika hivyo hivyo, na kuzaa kijiseli cha 1K0N, yaani zoidi, kisicho na kiini kabisa. Rudia kwa umbo la damuni, nyuzi 37, uone kinyume chake: mwili haukatiki, lakini K zinazidi kuongezeka kuzunguka kiini kimoja. Kimelea kilekile, sheria mbili.

Zoidi zangu za kwanza nilizitupa nikidhani ni uchafu. Tazama picha ya umbo: kama kuna mjeledi, ihesabu. Halafu linganisha na chupa isiyotiwa tetrasaiklini, iliyochotwa saa ileile.