Kukusanya na Kuthamini Sarafu za Tundu na Shilingi za Simba

Sarafu kuukuu zinazokutwa ndani ya kopo la bibi hapa Mombasa, kama vile senti kumi yenye tundu au shilingi yenye simba za Afrika Mashariki ya enzi za Waingereza, mara nyingi hazina bei kubwa, kwa kuwa umri peke yake hauiongezei sarafu thamani. Kinachoiongezea ni uadimu na hali yake.

Anza kwa kuisoma penye mwanga wa dirisha, ukiwa na kioo cha kukuzia. Tafuta mwaka, jina la mfalme wa Uingereza na herufi ndogo ya kiwanda kilichoipiga: H ni Heaton wa Birmingham, na KN ni Kings Norton. Senti 5 na senti 10 za mwaka 1936 zipo zenye jina EDWARDVS VIII, mfalme aliyejiuzulu Desemba ya mwaka huohuo kabla hajatawazwa. Wengi wakiisikia habari hiyo hudhani wameokota hazina, ilhali sarafu hizo ni za kawaida hadi leo. Kwa upande wa shilingi za Afrika Mashariki, zilizopigwa kati ya 1921 na 1946 zina robo ya madini ya fedha, na za kuanzia 1948 hazina.

Kisha pima uchakavu. Tazama manyoya ya shingo ya simba: yakionekana moja moja, sarafu haikuzunguka sana mikononi; yakiwa yamelainika kama sabuni iliyotumika, bei inashuka mno.

Usiisafishe kamwe. Utotoni niliisugua senti kumi kwa ukwaju, kama mama alivyosugua sinia za shaba, ikang'aa kama mpya. Miaka mingi baadaye mnunuzi aliigeuza mara moja tu, akaona mikwaruzo, akanirudishia. Rangi ile ya kahawia iliyokolea, ambayo mimi niliiona uchafu, ndiyo aliyokuwa akiitafuta.

Unapokadiria bei, linganisha na sarafu za mwaka, herufi na hali ileile ambazo zimekwisha kuuzwa, wala si zile ambazo mwenyewe bado anazitangaza, maana kutaja bei hakumgharimu mtu kitu. Mwenye duka la vitu vya kale atakupa pungufu, na ni haki yake, kwa sababu naye atauza.

Sarafu ya shaba ya 1888 iitwayo pesa, iliyotolewa na kampuni ya Imperial British East Africa ikiwa na mizani na mwaka 1306 wa Hijria, ni ya Mombasa hasa. Kwa sheria ya Kenya, kitu kilichotengenezwa nchini au kuingizwa kabla ya 1895 huhesabiwa kuwa cha kale, na hakitolewi nje ya nchi bila kibali. Basi ulizia kwanza kwenye makumbusho ya Fort Jesus.

Kuhusu kuhifadhi, hewa yetu ya chumvi ni adui. Weka kila sarafu peke yake katika bahasha ya karatasi isiyo na asidi, uziweke zote ndani ya kopo linalofunga vizuri pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, na uepuke mifuko ya plastiki laini inayonata, kwani huziachia utando wa kijani.